Kifua cha Mkwe

"Vua shati, baba," sista alisema, na fundi akadhani hakusikia vizuri.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha watoto njiti, viatu kaviacha mlangoni, gauni la hospitali limemwishia magotini, hajui aiweke wapi mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu wa kuchomelea mageti na madirisha, weusi umeingia kwenye kucha na hautoki kwa sabuni wala kwa petroli. Sista alikuwa ameshamsugua kwa brashi pale bombani kama mtu anayesugua sufuria ya kuazima, akamgeuza viganja, akavitazama, akamrudisha bombani tena.

"Shati, sista?"

"Shati na hilo gauni pia. Mkeo ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa na presha yake haijashuka. Mashine zangu za joto zimejaa, kila moja ina watoto wawili ndani. Huyu wako nimweke wapi, kabatini? Atakaa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Kuanzia sasa mashine ni wewe."

Akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta, kila mmoja na wake kifuani chini ya kitambaa, walitazamana. Mmoja wao, mnene, mdomo haulali, alikuwa amejifungua pacha, kwa hiyo wote walimwita Mama Pacha. Huyo ndiye alishindwa kujizuia.

"Karibu, shemeji. Kiti kipo. Ila sisi hapa muda ukifika tunakwenda kukamua maziwa. Sijui wewe utakamua nini."

"Jasho," mwenzake akamjibia, na kicheko kikapita kiti kwa kiti, cha chinichini, wasije wakawashtua watoto.

Fundi alicheka nao kwa sababu hakuona la kufanya jingine. Tangu asubuhi alikuwa mtu wa kufukuzwa. Mlinzi wa geti la wodi alimwambia wanaume wakae nje kwenye benchi, mfagizi akamwambia ainue miguu, mwingine akamwuliza kama yeye ndiye aliyekuja kutengeneza mlango. Na sasa alikuwa ameitwa ndani, tena avue nguo mbele ya wake za watu. Alivua. Kifua chake kilikuwa na vidoti vya makovu, vile vinavyoachwa na cheche za moto wa kuchomelea zikipenya kwenye shati.

Sista huyu akina mama walimpa jina la Kipimajoto, na wakadhani halijui. Alikuwa muuguzi, lakini si wa kila kitu. Alirudi darasani akiwa mtu mzima mwenye watoto wake nyumbani, akasomea jambo moja tu, watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Daktari alipita asubuhi na kuondoka. Muda wote uliobaki, nani aongezewe oksijeni, nani apunguziwe maziwa, nani ageuzwe ubavu, lilikuwa neno lake, na alilisema bila kupandisha sauti.

Alimleta mtoto kwa mikono miwili, kavaa nepi iliyokunjwa mara kadhaa na kofia ndogo iliyotokana na soksi. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba hivi kwamba fundi aliona mishipa na akageuza uso, kama amechungulia mahali asipopaswa. Sista alimlaza kifuani kwake wima, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu moja limelala juu ya kovu. Akapitisha kitambaa kipana, akakikaza mgongoni mwa fundi, kisha akaanza kusema polepole, akimtazama machoni.

"Sikiliza. Huyu hana mafuta mwilini. Ukimtoa hapo joto linamkimbia. Akipoa anachoka, na akichoka anasahau kupumua. Halii, hatapatapi, anasahau tu, na wewe utadhani amelala. Kwa hiyo humtoi. Ukitaka kujikuna, niite. Haja ikikubana, niite. Hata akiingia waziri hapa, humtoi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, sista."

Na kweli alielewa. Alikaa kama mtu aliyebebeshwa kioo cha dirisha. Simu ilitetema mfukoni, alijua ni tajiri wake anayeulizia geti la mteja, na hakuthubutu hata kuinama aizime. Kidogo kidogo akaanza kusikia kitu kifuani, si moyo wake. Kilikuwa kinakwenda mbio, kikipumzika, kikiendelea. Akaanza kukinong'oneza maneno ya kijinga: kwamba nyumba ni ndogo lakini haivuji, kwamba mama yake anakuja, kwamba geti la mteja na lisubiri.

"Anaongea na mtoto," Mama Pacha aliwaambia wenzake. "Wa kwangu hajawahi hata kuongea na mimi."

Mchana ulipopinda, mama mkwe wa fundi alifika mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunika ushungi vizuri, ametoka wodi ya pili kumuuguza binti yake.

"Bibi, mtu mmoja kwa mtoto mmoja," sista alimwambia. "Baba yake yumo ndani."

"Najua, mwanangu, nimeambiwa. Lakini binti yangu amefumbua macho na neno lake la kwanza ni mtoto. Wamemwambia yuko hai, haamini. Anasema wanamficha. Amenituma nimwone kwa macho yangu. Nikirudi mikono mitupu hivi, presha ile si ndiyo itapanda?"

Sista alitazama saa ukutani, akamtazama mama yule. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, aliiandika kwa kalamu nene na kuibandika pale mlangoni. "Nawa mikono," alisema. "Umwone, utoke." Hapo hapo akaitwa chumba cha kujifungulia, kuna mtoto ametoka hajalia, na akaondoka akikimbia bila kusema neno jingine.

Akina mama walikuwa wameingia chumba cha ndani kukamua. Chumbani alibaki fundi peke yake kitini, kifua wazi, kitambaa kimefika chini ya mabega.

Mama mkwe aliingia hatua mbili, akamwona. Akajifunika uso kwa ncha ya ushungi na kugeukia ukuta.

"Nisamehe, baba. Sikuambiwa uko hivyo."

Damu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Huyu ni mtu ambaye akiingia nyumbani kwake yeye huinuka kitini, hufunga vifungo mpaka cha shingo, huongea kwa sauti ya chini na hapiti mbele yake bila kuomba njia. Mama huyu hakuwahi hata kumwona akiwa na fulana tu. Na sasa alikuwa ameketi mbele yake tumbo wazi, hawezi hata kuinuka amsalimie.

"Ngoja, mama. Ngoja kidogo tu."

Hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe nyuma ya mgongo, ikafungua fundo. Alimshika mtoto kwa uangalifu mkubwa, akamlaza kwenye kitanda kidogo cha bati kilichokuwa kando, akamfunika blanketi, akaongeza na la pili. Blanketi mbili, alijiambia, hata mimi zingenitosha. Akavaa shati. Akafunga vifungo vyote.

"Tayari, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe aligeuka, lakini macho yake bado yalikuwa sakafuni. "Habari za hapa?"

"Nzuri, mama. Habari za huko?"

"Huko tunamshukuru Mungu. Amefumbua macho. Amekunywa maji. Poleni na mahangaiko."

"Tumeshapoa, mama. Na wewe pole na safari."

"Safari ilikuwa njema. Wote nyumbani wanakuulizia. Jirani naye anakusalimia."

"Salamu zimefika. Watoto wake hawajambo?"

"Hawajambo."

Zilikuwa salamu za watu wanaoheshimiana, na hazina njia ya mkato. Fundi alimletea kiti, mama akakataa, fundi akasisitiza, mama akakaa ukingoni mwa kiti. Ndipo akathubutu kuinua macho na kutazama kitanda kile kidogo.

"Ametulia," alisema.

"Ni mpole sana."

"Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Unamlaza, unamsahau." Akatabasamu. "Na pua hiyo ni ya babu yake, haina ubishi."

Mama Pacha alitoka chumba cha ndani na kikombe chake cha maziwa mkononi. Alianza kusema kitu cha utani kuhusu shati, mdomo ukafunguka, halafu akaona chini ya shati hamna mzigo. Akakisogelea kitanda. Akalifunua blanketi usoni.

"Shemeji," alisema, taratibu sana, "mbona midomo yake imekuwa ya rangi hii?" Kisha akalitupa neno moja kwenye ukumbi kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. "Sista."

Kipimajoto alifika akiwa bado na glovu za chumba cha kujifungulia. Alizivua akitembea, akavaa nyingine. Hakuuliza kitu. Alimsugua mtoto mgongo kwa vidole viwili, akampigapiga nyayo, akasikiliza. Akamweka kichwa sawa, akamfunika pua na mdomo kwa kibarakoa kidogo kama kifuniko cha chupa, na kuanza kuubonyeza mfuko wa hewa. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza, akitazama kifua kile kama kinapanda. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Mama Pacha, bila kuambiwa, alisogeza taa ya joto.

Fundi alisimama. Alikuwa ameshika kitambaa kile kipana kwa mikono miwili, kama mtu aliyeitwa ashike kamba ya kitu kikubwa akakuta hakuna kitu mwisho wake.

Muda ulipita ambao hakuna aliyeweza baadaye kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha mguu mmoja ukakunjuka, na kikasikika kitu kama kikohozi cha paka. Sista aliendelea kidogo, akainua kibarakoa, akangoja. Kifua kilipanda chenyewe.

"Sasa mnieleze," alisema, bila kugeuka. Alikuwa ameshaweka kipimajoto kwapani mwa mtoto na sura yake haikuwa nzuri. "Nani amemtoa kifuani?"

Mama mkwe alifumba mdomo. Fundi alimwona akiukaza ushungi kidevuni.

"Mimi, sista," alisema. "Alikuwa... alikuwa anatoka jasho. Nikaona labda joto limezidi."

Sista aligeuka. "Jasho?"

"Jasho jingi."

"Mtoto wa umri huu hatoi jasho, baba. Mwili wake bado haujui." Alikisoma kipimajoto tena, na fundi aliona uongo wake unavyoingia kwenye kichwa kile kilichosoma na kuanza kufanya kazi. "Kama ametoa jasho, na sasa amepoa na ameacha kupumua, basi hii si baridi tu. Labda kuna uambukizo kwenye damu. Na kama ni damu, hapa sina uwezo nao. Itabidi niombe gari apelekwe hospitali kubwa." Akatazama dirisha, njia, jua lilipofika. "Sipendi kumsafirisha huyu. Sipendi kabisa. Tokeni nje wote wawili."

Ukumbini palikuwa na benchi. Wakwe wale wawili walikaa ncha huku na ncha huku, wakitazama ukuta mmoja, uliobandikwa picha ya mama mwenye afya akinyonyesha mtoto mwenye afya. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo waliweza kumsikia sista akiongea na simu, akitaja uzito, akitaja joto, akisema ndiyo daktari, jasho, baba yake ameona. Kisha wakasikia mtoto akilia, kilio chembamba sana. Alikuwa anatafutiwa mshipa.

"Umemwambia jasho," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu."

"Sikutaka wakuseme. Wodi nzima ingekusema. Wangekuita bibi aliye..." Hakumalizia.

Kilio kikaja tena, na kikakatika.

"Wanamchoma kwa sababu gani?"

"Wanatafuta ugonjwa."

"Ambao hana."

"Labda anao, mama. Huwezi kujua," fundi alisema, na alipolisema alijisikia akiutamani ugonjwa huo. Akitamani damu ya mwanawe iwe na kitu, kidogo tu, chochote, ilimradi isiwe yeye na vifungo vyake. Alipojikamata anatamani hivyo, aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti.

Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa anajiona mwenyewe pale mlangoni, amegeukia ukuta, amesimama anamsubiri mwanamume avae. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kusema, kaa hivyo hivyo, mwanangu, mimi ni mama yako. Neno hilo alikuwa nalo. Alilizuia kwa sababu ya adabu, na adabu ile ilimpendeza. Hata moyoni alijisifu kidogo kwamba binti yake ameolewa na mtu anayemheshimu hivi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Wakati mjukuu wake anaacha kupumua, yeye alikuwa anafurahia kuheshimiwa.

Aliinuka. Fundi akainuka pia, kwa mazoea.

"Kaa," alimwambia. "Kila nikiinuka unainuka. Kaa chini."

Sista alikuwa ameinamia mkono mdogo kuliko kidole chake, sindano tayari.

"Hakutoka jasho," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Mkwe wangu amekudanganya kwa kunisitiri mimi. Nilimkuta kifua wazi nikaona haya, nikageukia ukuta. Akamweka mtoto chini ili avae. Halafu tukasalimiana. Tukasalimiana sana."

Sindano ilibaki hewani. Akina mama kwenye viti waligeuza vichwa.

"Kwa hiyo alikuwa mzima," sista alisema.

"Alikuwa mzima."

"Na alikaa humo kwenye bati muda wote wa salamu."

"Muda wote."

Sista aliiweka sindano kwenye sinia. Aliushika ukingo wa meza kwa muda, akiwa amewapa mgongo. Walingoja afoke. Mama mkwe alitaka afoke. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, na ingekuwa nafuu.

"Damu ya kwanza nimeshaipeleka, itapimwa tu, haina hasara," alisema mwishowe. "Gari nitalizuia. Njiani huko angepoa tena, na mimi ndiye ningekuwa nimemtuma." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ya uchovu. "Na mlango huo niliufungua mimi, bibi. Nimeandika sheria kwa mkono wangu, nikaivunja, nikakimbia bila kukueleza utamkuta vipi. Nilimwambia asimtoe hata akiingia waziri. Sikufikiria mkwe. Nimesoma yote ya mapafu na ya sukari, hilo hakuna aliyenifundisha. Mwite baba yake."

Fundi aliingia na kusimama mbali na kitanda.

"Shati," sista alisema.

"Sista, naomba umweke kwenye mashine."

"Zimejaa, nilikwambia."

"Wabane. Mimi siwezi. Umenipa mara moja, umeona nilichofanya." Alimgeukia mama mkwe. "Mpe mama. Yeye ana kifua."

"Mama yako ana binti kule mwenye mshono na presha, hana mtu mwingine wa kumgeuza. Huyu ana baba. Vua."

"Siwezi, sista."

Mama mkwe alikuwa ameshafika bombani. Alinawa mpaka viwikoni, alivyoona wengine wakifanya, akajikausha. Kisha akaja akasimama mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, karibu kuliko walivyowahi kusimama tangu wajuane, na akaanza kumfungua vifungo. Cha shingo kwanza. Fundi aliinua mikono kumzuia, akaishusha.

"Mama, usifanye hivyo."

"Nyamaza, baba. Nimezaa wavulana, nimewaogesha."

Alilivuta shati mabegani, akalikunja, akaliweka mbali, upande wa pili wa chumba. Sista akamleta mtoto na mrija wake wa oksijeni, akamlaza. Mikono ya sista yote miwili ilikuwa imeshughulika, mmoja kwenye kichwa, mwingine kwenye mrija.

"Funga, bibi. Nitakuelekeza."

Mama mkwe alipitisha kitambaa chini ya makwapa ya mwanamume yule, akamzunguka, shavu likigusa bega la mkwe wake, akafunga fundo mgongoni. Sista akasema kaza. Akakaza. Sista akasema mtoto aweze kupumua lakini asiteleze, na yeye akaingiza vidole vyake kati ya ngozi na kitambaa kupima. Alihisi joto la kifua cha mkwe wake, na ndani ya joto hilo kitu kidogo kinachokwenda mbio.

"Hivyo," sista alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alimsogezea fundi kiti, akakifuta kwanza kwa kiganja.

Wodi ya pili, binti alikuwa ameegemezwa mto mmoja, mdomo mkavu, dripu mkononi. Alimtazama mama yake tangu mlangoni mpaka alipoketi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko kifuani kwa baba yake."

"Kifuani." Alilifikiria neno hilo. "Bila shati?"

"Bila shati."

"Mbele yako, mama?" Alitaka kucheka, mshono ukamkamata, akashika tumbo. Alipoutazama uso wa mama yake tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kuna nini?"

Mama alijua kwamba presha ile ilitakiwa isipande. Alijua pia kwamba binti yake angemsoma tu, kama alivyokuwa anamsoma sasa. Alimshika mkono usio na sindano, akamweleza. Hakujipunguzia. Alieleza ukuta, vifungo, salamu, jirani na watoto wake, midomo ya mtoto. Alieleza uongo wa fundi na ukimya wake mwenyewe pale uongo ulipokuwa unasemwa. Alimalizia kwenye fundo la mgongoni.

Binti aliutoa mkono wake. Aliugeuza uso wake upande wa dirisha na kukaa hivyo. Muuguzi wa wodi akapita, akasoma presha, akasema haijapanda, akaenda.

"Sasa hivi yuko na nani?" binti aliuliza, bado anatazama dirishani.

"Na sista. Na akina mama."

"Sista ana watoto wengi." Akageuka. Macho yamejaa, lakini sauti ilikuwa kavu. "Rudi, mama. Mimi nitajigeuza. Kamwambie sista nimekutuma mimi. Ukae mbele ya mume wangu umtazame. Usiangalie pembeni hata kidogo. Ukimwona anatafuta shati, umkataze."

"Umenisamehe?"

"Sijui. Nenda."

Mama mkwe aliinuka. Mlangoni alisita, akautengeneza ushungi wake, halafu akautoa kabisa kichwani, akaufunga kiunoni kama mtu anayekwenda kazini, na akaanza kutembea kuelekea chumba cha watoto njiti.